Muhuri Niliopiga Nikijua

Siku yangu ya kwanza mahakamani sikupewa kalamu. Nilipewa sindano, ile nene ya kushonea magunia, na bunda la uzi wa kijani, nikaambiwa nishone mafaili. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada yangu pale Gatitu, nikidhani nitakaa nyuma ya meza niitwe madam. Kufika saa nne vidole vilikuwa vinatoka damu. Ofisa Mtendaji, ambaye ndiye mkubwa wa makarani wote katika kituo, alipita akanikuta nanyonya kidole, akasema, "Nyaguthii, usiweke damu kwa faili ya watu. Hiyo ni mirathi. Iko na damu ya kutosha."

Nilicheka. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapo Nyeri, na mimi sikuwa najua kitu.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaosomea sheria hunitembelea niwasimulie kazi ilivyokuwa. Majuzi mmoja wao, mjukuu wa jirani yangu, aliniambia, "Shosho, mirathi ni fomu tu, na siku hizi iko kwa kompyuta." Fomu tu! Nilikuwa nageuza ugali, na nusura mwiko umpate kichwani. Watu wamefukuzwa kwenye nyumba walizojenga kwa mikono yao kwa sababu ya fomu tu. Basi kaeni hapo niwaeleze, na mniache nikasirike nikitaka, kwa sababu hasira yenyewe nimeilipia.

Mtu akifa bila kuandika wosia, mali yake haina mwenyewe mpaka korti iseme. Mmoja wa familia huenda kwa chifu kuchukua barua inayotaja walioachwa nyuma: wajane, watoto, na ardhi iliyopo. Barua hiyo ndiyo mwanzo wa kila kitu, na ndiyo mwanzo wa uongo pia, kwa sababu chifu huandika anachoambiwa na yule aliyefika ofisini kwanza. Barua huletwa kortini pamoja na ombi la hati ya usimamizi, yaani ile karatasi inayompa mtu ruhusa ya kushughulikia mali ya marehemu. Halafu tangazo huwekwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na watu hupewa siku thelathini kusema kama wana neno. Nawauliza, nyinyi mmewahi kuona mkulima wa majani chai amekaa kwa mlango wake akisoma gazeti rasmi la serikali? Sisi tulikuwa tunabandika nakala ukutani, nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita.

Ofisa Mtendaji wa Nyeri alinifundisha jambo ambalo chuo hakikunifundisha. Alikuwa mzee mwembamba, kofia haimtoki, na ukimletea faili ya ugomvi alikuwa na swali moja. "Usiniulize nani ako na haki," alikuwa anasema. "Hiyo ni kazi ya jaji. Wewe niambie faili imefika wapi." Kwa sababu ugonjwa huwa ni ule ule, ndugu amemnyima ndugu, lakini dawa inafuata siku uliyofika. Ukifika ndani ya zile siku thelathini, hati haijatoka, unaleta pingamizi. Ukikuta hati imeshatoka lakini mgawanyo haujathibitishwa, na kwa kawaida hapo katikati kuna miezi sita, unaleta kiapo cha kupinga mgawanyo. Na ukikuta kila kitu kimethibitishwa na mashamba yameandikwa majina mapya, umebaki na njia moja ngumu: kuomba hati ibatilishwe. Wakati huo hakimu hakuwa na nguvu hiyo hata kidogo, ni Jaji wa Mahakama Kuu peke yake. Ukileta ombi la juzi kwa faili ya leo, unarudishwa nyumbani na mali inaendelea kutembea.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenifundisha amri nyingine. "Karani hashauri. Karani anapokea." Na si kwamba ilikuwa amri ya kijinga. Karani akianza kushauri leo, kesho ataanza kuuza ushauri, na tuliwajua waliouza. Nawaambia hivyo ili msiseme nimeificha.

Baada ya miaka miwili nilihamishwa kwenda mahakama ya hakimu katika mji mmoja chini ya mlima. Sitautaja. Wanaohusika wanajijua, na wengine bado tunakutana nao kanisani. Ofisa Mtendaji wa huko alikuwa mtu mnene mwenye haraka, na ile amri ya Nyeri yeye aliikata ikawa fupi zaidi: "Piga muhuri, funga mdomo." Karani aliyekuwa kwenye kaunta kabla yangu alikuwa amemwelekeza mjane mmoja, basi wakili wa upande wa pili akaandika barua, na karani akapelekwa kituo cha mbali ambako maji yanauzwa kwa punda. Kiti chake ndicho nilichokalia. Kilikuwa bado na mto wake wa kitambaa.

Hapo ndipo alipokuja Wangui.

Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka upande wa Sagana, mrefu, anaongea polepole. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na minane, wakapata mabinti wawili, wakapanda kahawa upande wa juu wa shamba na nduma, yaani magimbi, upande wa chini, kando ya mto. Sasa shemeji yake, mwalimu wa shule, mtu wa tai na Biblia, alikuwa amekwenda kwa chifu na kusema ndugu yake hakuwa na mke. Kisa na maana? Ng'urario haikufanywa. Hiyo kwetu ni ile sherehe ya kuchinja mbuzi inayofunga ndoa, na marehemu alikuwa ameiahirisha mwaka baada ya mwaka, karo ya shule ikitangulia, kama wanavyofanya wanaume nusu ya mlima huu. Barua ya chifu niliisoma kwa macho yangu. Iliandikwa kwamba marehemu hakuacha mke wala mtoto, ila "alikuwa na mtu wa kumpikia."

Mtu wa kumpikia! Miaka kumi na minane na mabinti wawili. Nikiikumbuka sentensi hiyo mpaka leo natafuta kitu cha kushika.

Wangui hakuwa mjinga. Aliposikia shemeji ameingia kortini, na yeye alikuja kortini. Lakini kwanza alipitia kwa mzee wa taipureta, aliyekuwa kwenye veranda ya duka la nguo ng'ambo ya barabara, akiwaandikia watu karatasi za korti. Mzee huyo alikuwa na mfano mmoja tu, hati ya madai ya kawaida, ile ya kumshtaki jirani ng'ombe wake akila mahindi yako. Kila aliyekuja, na shida yoyote, aliandikiwa hiyo hiyo na majina yakibadilishwa. Wangui akaandikiwa kwamba anamshtaki shemeji kwa kuingilia shamba.

Alinipatia karatasi saa saba kasorobo. Watu walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye ngazi.

"Madam, niko na kesi," akasema. "Nimeambiwa nilete hapa. Ni sawa?"

Niliisoma. Nilipofika kwenye jina la marehemu nililijua mara moja, kwa sababu faili yake ya mirathi nilikuwa nimeishona mimi mwezi uliopita. Ilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, hatua tatu. Tangazo lilikuwa bado ukutani, na siku thelathini zilikuwa hazijaisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Nilijua kabisa kwamba mama huyu anahitaji pingamizi, na kwamba hiyo karatasi aliyoshika itampeleka njia nyingine kabisa, kesi ya madai, huku faili ya mirathi ikiendelea na safari yake kana kwamba hakuna aliyelalamika.

Nilitazama juu. Ofisa Mtendaji alikuwa amesimama mlangoni kwake akiangalia saa.

"Ni sawa, madam?" Wangui akauliza tena.

"Imepokelewa," nikasema. Nikapiga muhuri wa tarehe.

Msinitafutie kisingizio, tafadhali. Niliogopa kile kituo cha maji ya punda, ndiyo. Lakini pia nilikuwa na njaa, foleni ilikuwa ndefu, na mama mwenyewe alikuwa anaongea polepole. "Mama, hii siyo, lete pingamizi kabla ya mwisho wa mwezi." Ni hayo tu. Ningeyasema huku nikifuta meza, na hakuna ambaye angesikia.

Kesi yake ya madai ikaitwa, ikaahirishwa. Ikaitwa tena, wakili wa mwalimu akasema hajajiandaa. Itajwe mwezi ujao. Itajwe tena. Wangui alikuwa anakuja kila mara na mabinti wake wamevaa sare za shule, anakaa benchi ya mbele, anarudi nyumbani akiamini kwamba kesi yake inaendelea. Na kwenye rafu nyuma yangu faili ya mirathi nayo ilikuwa inaendelea. Siku thelathini zikaisha, hati ikatoka kwa jina la mwalimu. Miezi sita ikaisha, mgawanyo ukathibitishwa. Hakuna aliyepinga, kwa maandishi. Mwalimu akapata cheti cha shamba, akalikata vipande viwili, na kile cha mtoni akamuuzia mfanyabiashara mmoja ambaye hakujua lolote.

Ndipo hakimu akatoa uamuzi kwenye ile kesi ya madai. Aliusoma kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayesoma ratiba ya treni: huu ni ugomvi wa mirathi, umeletwa kwa utaratibu usio wake, kesi inaondolewa. Na alikuwa sawa kisheria! Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hakuna mtu kwenye jengo lile aliyevunja sheria siku ile. Wangui alikuja kwenye kaunta akiwa na tabasamu la wasiwasi.

"Madam, nimeshinda ama?"

Nikamwambia atafute wakili. Wiki tatu baadaye mwalimu alifika kwake na askari, wakatoa vitanda vya Wangui nje.

Mimi nilirudishwa Nyeri, safari hii ikiwa ni kupanda cheo, eti nafanya kazi vizuri. Nikawa karani wa mirathi, na siku nyingine karani wa korti, yule anayekaa chini ya jaji akiita mafaili na kuwatafsiria mashahidi. Mzee wa kofia alikuwa bado yupo.

Asubuhi moja nikainua macho kwenye kaunta, nikamwona Wangui. Alikuwa amepungua. Alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Majengo, akiuza sukuma wiki mlangoni, yeye na mabinti wake. Alinitazama, na nikajua amenikumbuka. Akaniwekea karatasi mbele yangu. Safari hii ilikuwa fomu ya pingamizi, imejazwa vizuri kabisa, ameonyeshwa na jirani aliyeshinda kwa fomu kama hiyo.

Pingamizi! Ile niliyokuwa namtakia siku zile, sasa ndiyo hii, na sasa haina kazi. Hati ilishatoka, ikathibitishwa, shamba likagawanywa. Ningepiga muhuri, ingekaa miezi, na jaji angeiondoa naye akiwa sawa kisheria.

Mkono ulishika muhuri, nikauweka chini.

"Mama," nikasema, na sikunong'ona, "hii siyo. Ungeileta wakati ule, ndani ya zile siku thelathini, ingefaa. Sasa unataka kubatilisha hati. Unaomba kwa Jaji. Useme hati ilipatikana kwa kuficha kwamba uko, na watoto wako. Usikubali mtu akuandikie kitu kingine."

Mlango wa Ofisa Mtendaji ulikuwa wazi.

"Nyaguthii," mzee akasema, "unapeana ushauri kwa kaunta?"

"Napeana na njia ya choo pia, mzee, wakiuliza."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Utaandika barua ujieleze," akasema. Halafu akavuta kofia mbele. "Lakini mwambie pia anataka wakili. Asiende kwa wale wa veranda." Akarudi ndani akafunga mlango.

Wakili mmoja msichana, ndio kwanza anaanza kazi, aliichukua kesi. Ombi likasikizwa na Jaji ambaye hakuwa mtu wa kwetu na hakujua neno moja la Kikuyu. Na karani wa korti siku hiyo, kwa zamu, nilikuwa mimi.

Hapa lazima niwaeleze kanuni ya mkalimani. Mkalimani hasemi "shahidi anasema alikuja." Anasema "nilikuja." Maneno ya shahidi yanakuwa yako, na wewe mwenyewe haupo. Hupunguzi, huongezi, husafishi. Shahidi akitukana, unatukana.

Wangui aliapa, akaeleza maisha yake na marehemu, nami nikageuza neno kwa neno. Wakili wa mwalimu akasimama. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya kujipenda.

"Hati iliombwa, ikatangazwa kwenye gazeti rasmi siku thelathini," akasema. "Wewe ulikuwa wapi? Kama kweli ulikuwa mke, kwa nini hukuja? Si umeamka juzi baada ya kusikia shamba lina mnunuzi?"

Kila kitu kilikuwa kimesimama hapo. Kama alijua na akanyamaza, Jaji angemwona kama mtu aliyelala juu ya haki yake.

Wangui hakumtazama wakili. Alinitazama mimi, akaongea Kikuyu polepole, kama kawaida yake. Watu kwenye mabenchi wakaguna. Wakili wa mwalimu, ambaye alielewa kila neno, akawahi kukaa. Jaji peke yake ndiye aliyebaki anasubiri.

"Karani, shahidi amesema nini?"

Ningeweza kusema, "Nilikuja, karatasi yangu ikapokelewa." Isingekuwa uongo. Jaji asingejua. Nilisimama pale, mikono imeshika ukingo wa meza, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutosha korti nzima:

"Nilikuja kabla ya siku kuisha. Huyu mama anayegeuza maneno yangu sasa ndiye aliyepokea karatasi yangu. Aliisoma yote. Nilimwona ameijua. Nikamuuliza mara mbili kama ni sawa, akanipigia muhuri."

Jaji akavua miwani. "Ni kweli?"

"Mheshimiwa, mkalimani haulizwi," nikasema. "Lakini ukiniapisha nitajibu."

Akaniapisha. Karani mwingine akaletwa akakaa mahali pangu, nami nikapanda kizimba cha mashahidi, mahali ambapo nilikuwa nimewapeleka watu wengi kwa mkono bila kujua kile kibao kina baridi namna gani chini ya vidole. Nikasema yote, na njaa, na foleni. Jaji akaamuru ile faili ya kesi ya madai iletwe. Ikaja, uzi wa kijani, mshono wangu. Ukurasa wa kwanza, tarehe ya muhuri: siku kumi na moja kabla ya mwisho.

Hati ilibatilishwa. Jaji alisema wazi kwamba mbuzi ambaye hakuchinjwa hafuti miaka kumi na minane, na kwamba barua ya chifu ilikuwa aibu kwa aliyeiandika na aliyeileta. Wangui na mabinti wake wakarudishiwa nyumba na kahawa. Lakini kipande cha mtoni hakikurudi. Sheria inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia safi, hati ikiwa halali siku aliponunua, na yule mfanyabiashara kweli hakujua kitu. Kwa hiyo hapo pia, tena, kila mtu alikuwa sawa kisheria.

Mimi nilipata barua ya onyo, kwa kukiri uzembe na kwa kushauri, yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Kwa kunyamaza nilionywa, na kwa kusema nilionywa. Niliipeleka kwa mzee wa kofia nikamuuliza ni lipi hasa ameona ni kosa. "Weka kwa faili yako, Nyaguthii," akasema. "Ukistaafu utajua." Alistaafu yeye kwanza, na hakuniambia.

Nilifanya kazi miaka mingi baadaye, Kerugoya, Nanyuki, halafu Nyeri tena. Popote nilipokaa, kabla ya kugusa muhuri niliuliza lile swali lake kwa sauti, mwenye karatasi akisikia: "Hii faili imefika wapi?" Halafu nikamjibu mwenyewe. Barua za onyo zikawa nne. Leo eti kuna meza za msaada kortini, na mabango ukutani. Vizuri. Lakini nendeni mkaone kama mama anayeongea polepole saa saba kasorobo anasikizwa.

Siku ya kuniaga walinikatia keki, wakanipa blanketi, Naibu Msajili akasoma hotuba kwamba sikuwahi kuchelewa. Sikuwahi kuchelewa! Niliitazama ile keki nikatamani kuondoka. Na nilipotoka nikamkuta Wangui kwenye ngazi, na kiondo mgongoni. Nywele zilikuwa nyeupe. Alikuwa amesikia kwa mtu wa soko kwamba nastaafu.

"Mama," akasema, "nimekuletea nduma."

Nilifungua kiondo. Zilikuwa kubwa, na udongo mweusi bado juu yake. Nikasema, kwa furaha ya kijinga, "Wangui, hizi ndizo zile zako?"

"Hapana," akajibu, bila ubaya wowote. "Nimenunua Karatina. Zangu ziko kule mtoni. Nikichuma kahawa nasikia mwenye shamba akizichimba."